Mama Yangu Aligeuzwa Bibi Virginia wa Atlanta

Glasi ya maji ilinitoka mkononi ikavunjika miguuni pangu, na wala sikuhisi kitu.

Mama yangu alikuwa kwenye boksi!

Si mtu anayefanana naye, jamani. Mama yangu! Rebecca wa Mbale, Vihiga, aliyenizaa. Kidoti chake juu ya mdomo. Pengo lake la mbele. Kilemba cha kijani nilichomnunulia kwenye soko la Naif hapa Dubai, nikakituma na dada mmoja aliyekuwa anaenda likizo.

Mkono ameuinua juu. Machozi yanamtoka. Na shingoni wamemvisha kidude cheupe ambacho hajawahi kukiona maishani mwake.

Chini ya picha kuna Kizungu kimeandikwa kwa herufi za dhahabu: "Mimi ni Virginia, wa Atlanta. Nilianguka nikiwa peke yangu. Kitufe hiki kiliniokoa."

Virginia?! Atlanta?!

Mama yangu hata ndege hajapanda! Safari yake ndefu kuliko zote ni ya Nairobi, na alitapika mpaka Nakuru.

Ngojeni niwapangie mambo vizuri, maana hasira bado haijaniisha.

Naitwa Caren. Niko Dubai, na kazi yangu ni kumtunza mama mmoja mzee wa Kizanzibari. Familia yao iko hapa Deira tangu zamani sana. Anaitwa Bi Ghania. Ukimwita madam anakutolea macho.

"Madam ni mke wa Mwingereza," huniambia. "Mie niite Bi Ghania, inatosha."

Siku hiyo nilikuwa nimempelekea dawa zake za alasiri. Boksi lilikuwa kwenye kimeza kando ya kitanda, na kidude chenyewe ameshakivaa juu ya dera.

"Bi Ghania... hiki umekitoa wapi?"

"Garini mwa Marwan. Vimo tele. N'kamwambia nami n'nataka kimoja, akacheka, akanambia chukua mama."

"Na ulikitakia nini?"

"Kwa ajili ya huyo bibi hapo. Mtazame uso wake. Huyo hasemi uongo."

Nilikaa kitandani kwake bila hata kuomba ruhusa.

Sasa sikilizeni. Marwan ni mtoto wake wa pekee. Ana ofisi kule Al Ras, juu ya maduka ya iliki na bizari. Jina la ofisi siliandiki, sheria ya mitandao huku haina utani. Ila kwenye mlango wamebandika picha ya tai, yule ndege mkubwa wa Marekani, na kazi yao, kwa maneno yao wenyewe, ni "kuwatetea wazee wa Marekani."

Nani amewatuma? Hakuna! Hao wazee wenyewe hata hawajui kuna mahali panaitwa Al Ras.

Na mnajua nani ndiye bingwa wa matangazo kwenye hiyo ofisi?

Austine. Mchumba wangu.

Tena kazi hiyo nilimwombea mimi, kwa mdomo wangu, nikipiga magoti kwa Bi Ghania ili amwambie mwanawe.

Alipokuwa analinda parking ya mall, Austine alikuwa mtu. Tulikuwa tunakula shawarma moja wawili na tunacheka. Akaingia kwa Marwan... mwezi haujaisha ameanza kuniambia "gotcha" badala ya sawa. Kijana wa Kakamega! Ukimpigia simu anapokea kama amelelewa Texas akichunga farasi. Kiatu chenye ncha, suruali imebana, na jina kwenye kitambulisho eti "Austin Brooks". Mwanaume mzima amejikatia herufi moja akadhani amepata uraia.

Na ile kazi aliwahi kunieleza mwenyewe, akijisifu.

"Babe, ni psychology tu. Unampigia bibi asubuhi yao, huku ni jioni. Unamwambia serikali yake inataka kumkatia matibabu. Anaogopa. Unamwambia sisi ni watetezi wake, atie sahihi hapa kwa simu."

"Halafu hiyo sahihi mnaipeleka wapi?"

"Haiendi mahali, Caren! Hiyo ni ya kumfungua roho. Akishaogopa vizuri unalainisha sauti: na je mama, ukianguka nyumbani peke yako, nani atajua? Hapo ndio unatoa product."

Nilimwambia hiyo ni laana. Akaniambia mimi sijui biashara.

Turudi kwa boksi.

Ile picha niliijua imetoka wapi! Mwaka jana mama alianguka bafuni. Akalala kwa sakafu, hawezi kuinuka, mpaka jirani alipokuja kuomba kiberiti akamkuta. Alipopona, alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Mnajua mama zetu kwa ushuhuda. Alilia, akapunga leso, akainua mkono, kanisa lote likalia naye. Kaka yangu Fanuel akarekodi, akatuma kwa group ya familia.

Na kwa group ya familia alikuwepo nani?

Mkwe!

Hajaleta barua, hajatuma wazee, hata kuku mmoja hajavuka boma letu. Sisi tukamwadd kwa group eti kwa sababu anasalimia vizuri kila asubuhi. "Good morning mum, barikiwa." Mama anamjibu na maua. Kumbe jamaa ako hapo anachagua bidhaa.

Nikatafuta jina la kile kidude kwa simu. Video ikaja yenyewe.

Aki... sijui niseme vipi.

Mama yangu anaongea Kizungu cha Marekani! Sauti si yake, ni ya bibi mwingine kabisa, laini, ya kutengenezwa na mashine. Lakini mdomo ni wake. Machozi ni yake. Pale aliposema "Bwana asifiwe", sasa anasema "piga simu leo". Waumini nyuma yake wamefutwa, wakaweka sebule yenye mahali pa kuota moto.

Chini yake, wazee wa watu wameandika. Mmoja amesema, "Mungu akubariki Virginia, nimelia nawe." Mwingine, "Nimenunua kwa sababu yako."

Kwa sababu yako!

"Unalia nini?" Bi Ghania akaniuliza.

"Huyu ni mama yangu."

"Nani?"

"Huyu kwenye boksi. Ni mama yangu mzazi. Yuko Kenya, Bi Ghania. Na hiki kitu hajawahi kukivaa."

Nikamchezea ile video, nikamfasiria neno kwa neno. Alisikiliza bila kunikatiza, na si kawaida yake. Halafu akakivua kidude, akakigeuzageuza kiganjani, akakivaa tena.

"Vaa viatu," akaniambia. "Nenda kaseme nao."

"Siwezi kukuacha peke yako."

"Nenda, Kareni! Na mie si n'nacho hichi? Nikianguka si n'tabonyeza?"

Nikadhani hajanielewa. Nikaenda hivyo hivyo.

Al Ras jioni unapita ukikwepa mikokoteni ya mizigo na magunia ya pilipili. Nilipanda zile ngazi hata pumzi sikumbuki. Nikasukuma mlango wa tai.

Vijana wamejaa na headset masikioni, kila mmoja anambembeleza bibi wa mtu. Ukutani mama yangu yuko mkubwa kama mlango! Na katikati ya chumba Marwan na Austine wamesimama, kila mtu na kikombe chake cha chai ya karak, wanacheka.

"Babe!" Austine akafungua mikono. "What a surprise!"

"Nitolee mama yangu ukutani."

Kicheko kikakatika. Vijana wakaanza kugeuza viti.

"Caren, si hapa, tafadhali..."

"Hapa hapa! Ulimwomba ruhusa nani?"

"Ilikuwa surprise! Mamako amekuwa star! Nilitaka siku ya harusi nimwonyeshe..."

"Umwonyeshe nini? Ushuhuda wake ukiuza plastiki?"

Akanishika kiwiko, akashusha sauti. Hata ile lafudhi ya Texas ilimtoka, akabaki na ya Kakamega.

"Caren, elewa. Tulijaribu na sura za kununua mtandaoni, haziuzi. Wazee weusi wa kule wanataka mtu anayefanana na wao, mcha Mungu. Mamako analia kwa ukweli. Hiyo huwezi kununua."

"Kwa hivyo ukaiba."

"Usitumie hilo neno mbele ya boss."

Boss! Nikamgeukia Marwan. Suti ya kitani, saa kubwa, manukato ya oud yanakufikia kabla yake.

"Sir, wewe ulijua huyu ni mama yangu?"

Akapuliza karak yake.

"Wewe Caren, mtu mzima. Ni picha tu. Uso haukatiki ukitumika. Austine atakuletea zawadi ya mama, khalas, rudi nyumbani kwa Ummi, mama yangu."

Ni picha tu. Basi, rudi. Aliniambia kama anayemfukuza paka jikoni.

Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu ndipo nikasikia kitu kinanguruma. Grrr... grrr... Kilikuwa kwenye droo ya meza ya Austine.

"Hiyo ni nini?"

"Achana nayo."

Grrr... grrr...

"Austine, ni nini?"

"Ni simu ya vitufe," akasema, akiangalia pembeni. "Wakibonyeza inalia hapo. Tunaiweka silent. Wazee hubonyeza bure bure, wengine wanataka tu kuongea."

Nikaigeukia ile droo.

"Kwa hivyo mtu akianguka... simu yake inaingia kwa droo?"

Kijana mmoja kwenye kona akavua headset na kutazama chini.

Inalia. Inanyamaza. Inalia tena.

Nikaruka, nikavuta droo! Austine akanishika mkono, nikampiga kikumbo, nikabonyeza kupokea na kuweka sauti juu. Nilijipanga kusikia bibi wa Atlanta wa kweli. Nilikuwa hata natafuta Kizungu cha kumwambia shikilia hapo mama, tunakuja.

Sauti ikatoka, imechoka, inavuta pumzi.

"Jamani... kuna mtu huko? Nimeanguka mie..."

Kiswahili. Tena cha Unguja.

"Niko chini... Marwan... mwanangu..."

Kikombe cha karak kikaanguka. Safari hii aliyeangusha si mimi, ni Marwan.

"Ummi?" Marwan akasema. "Ummi!!"

Simu ikakatika.

Sitasahau ule uso. Mtu mzima wa suti alibaki amefungua mdomo, anaitazama droo ya meza kama haijui. Kisha akapiga kelele, akashika funguo, akashuka zile ngazi akikanyaga wapagazi. Mimi nyuma yake nalia, maana niliyemwacha yule mama peke yake ni mimi.

Njiani alikuwa anagonga usukani.

"Amebonyeza muda gani? Caren! Amebonyeza kwa muda gani?"

"Mimi nitajuaje, sir? Ulizeni droo yenu."

Tuliingia Hor Al Anz, mtaa wetu, kwa kasi ya wazimu. Gari akaliacha mlango wazi katikati ya njia. Akafungua nyumba, akakimbia bafuni, hakuna mtu. Jikoni, hakuna.

"Ummi!!"

"Sebuleni," ikajibu sauti.

Bi Ghania alikuwa amekaa kwenye kochi, kitambaa kimetulia kichwani, tende kwenye sahani, anajimiminia kahawa.

"Mmechelewa," akasema.

Marwan akaanguka magotini, anamshika miguu, anamshika mikono.

"Umeumia wapi? Mama, wapi?"

"Sijaumia popote. Nimelala juu ya zulia langu nikabonyeza. N'kabonyeza mpaka kidole kikaniuma. N'kasema labda watetezi wanasali. N'kabonyeza tena. N'kainuka, n'kapika kahawa, n'kawa nabonyeza huku inachemka."

"Umenifanyia mchezo?!"

"Ala! Mchezo wangu huo?" Akakivua kidude, akamtupia kifuani. "Mama wa watu huko Amerika kalala chini, anakuita wewe. Kakuamini wewe. Nawe huitiki! Mwanangu, mwenye akili zake, anauza kengele isiyolia?"

"Mama, ni Austine ndiye aliyeweka simu..."

"Usinitajie Austine! Austine kapewa kazi na nani? Tai mlangoni kabandika nani?"

Marwan akainamisha kichwa. Bi Ghania akanyoosha mkono akachukua lile boksi, akaliweka mapajani.

"Haya. Huyu ni mama yake Kareni. Mtoe. Hakukupa uso wake."

"Nitamtoa, inshallah, kesho..."

"Utamtoa, na utanitia mimi."

"Nini?"

"Nitie mimi! Sura n'nayo, machozi n'nayo, na kuanguka n'shaanguka. Nipige picha hapa hapa. Andika Ghania, mama yake Marwan, kidude cha mwanawe kimemwokoa."

Marwan akaishika simu yake mkononi.

"Mbona hupigi? Si ni picha tu?"

Nilishtuka. Yale yalikuwa maneno yake Marwan mwenyewe kule ofisini, na Bi Ghania hakuwepo! Nikadhani kile kidude kinasikiliza, kwamba alisikia kila tulichosema kule. Hapana, watu wangu. Nilimuuliza baadaye akacheka sana.

"Namjua mwanangu," akasema. "Tangu mdogo, akivunja kitu husema ni kitu tu."

Marwan hakuinua simu. Mwanaume aliyemtundika mama yangu ukutani alishindwa kumpiga mama yake picha moja.

Hapo ndipo nilipomdharau kabisa. Kumbe anajua! Anajua vizuri kabisa kwamba uso wa mama si wa kuuzia uongo. Alijua kwa mama yake tu. Mama wa Vihiga, mama wa Atlanta, hao kwake ni ukuta wa kubandika.

"Sitaweza, Mama," akasema mwishowe.

"Basi funga."

Wiki ile ile tai alibanduliwa mlangoni. Sitawadanganya kwamba Marwan amekuwa mtakatifu, sasa anauza manukato na bado haniangalii machoni. Bi Ghania naye amekataa kupanda gari lake mpaka yale maboksi yote yatoke.

Na Austine? Alikuja chini ya jengo na maua ya supermarket, bei bado imebandikwa.

"Babe, na sisi je?"

"Sisi nani? Mimi mchumba wangu alikuwa Austine. Wewe ni Brooks."

"Nilifanya kwa ajili ya future yetu!"

"Basi ibonyeze uone kama kuna atakayepokea."

Fanuel akamtoa kwa group. Shangazi zangu walikuwa wameshamalizana naye kwanza, kwa voice note za dakika nyingi nyingi, na sizirudii hapa kwa sababu kuna watoto. Sasa hivi namwona Facebook anauza ploti. Lafudhi ya Texas imerudi.

Lakini kazi ngumu ilikuwa bado. Kumwambia mama.

Nilimpigia video call nikamchezea lile tangazo lote. Alisogeza simu karibu, akatazama mpaka mwisho. Nilingoja alie, au anilaani kwa kuwaletea mwizi nyumbani.

"Huyo mwanamke anajua Kizungu," akasema.

"Mama, nisamehe."

"Ule ushuhuda ulikuwa wa Mungu, Caren. Sasa wameupeleka sokoni." Akafuta miwani yake na kilemba, kile kile cha kijani. "Nikuulize. Hao wazee walionunua... kuna aliyeanguka?"

Nilikumbuka ile droo inanguruma. Bi Ghania alikuwa anabonyeza siku hiyo. Siku nyingine zote alikuwa anabonyeza nani?

"Sijui, mama."

"Walikiamini kwa sababu ya huu uso?"

"Ndio."

"Na wengine bado wamekivaa sasa hivi?"

"Ndio, mama."

Akageuka. "Fanuel! Leta simu yako. Nirekodi. Na usinipambe."

Watu wangu, somo langu ni fupi na nalisema kwa uchungu. Mtu anayekuja kukutetea hujamwita, akakutisha kwanza halafu akakuuzia dawa ya ile hofu, huyo si mtetezi. Kata simu. Na ninyi mlio ng'ambo kama mimi, chungeni hizo group za familia. Mkwe asubiri nje mpaka alete wazee.

Video ya mama iko kwenye comment ya kwanza. Mashine haijagusa kitu. Sauti ni yake, Kizungu ni kile cha shule yake ya zamani, kuku wanalia nyuma. Kama una shangazi Atlanta, kama una bibi Houston, kama una mtu yeyote mzee kule, mtumie leo, usikae nayo mpaka kesho.

Ukiona Kizungu kinakupita, nakuandikia hapa anavyosema:

"Mimi si Virginia. Mimi ni Rebecca. Nilianguka kweli, na kilichoniokoa ni jirani aliyekuja kuomba kiberiti. Hicho kilicho shingoni mwako, mama, hakina mtu upande wa pili. Kivue. Halafu nenda ugonge kwa jirani, umwambie jina lako."